Mawe Arobaini na Matatu

Mama mkwe wangu hakupenda vikao, na mimi nilikuwa katibu wa kikao. Hapo tayari unaielewa hali ya nyumba yetu.

Kilichotugombanisha ni mwamba. Sisi wanawake wa hapa tunaishi kwa pweza. Wanaume wana boti, nyavu na maneno mengi. Sisi tuna miguu, tuna nondo iliyonolewa ncha, na tuna bamvua mbili kila mwezi, zile siku ambazo maji hukupwa mbali hata unatembea juu ya mwamba saa tatu nzima yakiwa magotini tu. Pweza hukaa shimoni. Unamchokoa kwa nondo, anaing'ang'ania kwa hasira zake, nawe unaivuta pamoja naye. Akiwa na hasira kidogo zaidi anakupa kilo mbili.

Lakini miaka ya karibuni hizo kilo zilikuwa zimepotea. Tulikuwa tunavua watoto. Mnunuzi wetu, tunayemwita Mzee Barafu kwa sababu ya lori lake, alifika mahali akawa anawasukuma pembeni ya mizani kwa kidole kimoja, hataki hata kuwapima. Nikasimama kikaoni, ndani ya banda la mizani, nikasema tufunge upande wote wa kusini kwa siku tisini ili pweza wakue, kisha tufungue wote siku moja, Mzee Barafu aje na malori mawili. Atakayeingia kabla ya siku, nyumba yake nzima itakaa nje siku ya kufungua. Nilisema vizuri, sijisifu. Wakanyoosha mikono, na mimi nikakabidhiwa daftari na muhuri.

Mama mkwe alinisubiri mlangoni.

"Nasikia umefunga bahari," alisema. "Kesho utafunga upepo."

"Ni siku tisini tu, mama."

"Mimi hata nilipojifungua sikukaa nje siku tisini."

Aliingia chumbani kwake, na jioni ile chai nilikunywa peke yangu.

Ni lazima nieleze habari ya mashimo, maana bila hayo hutanielewa. Shimo zuri la pweza ni nyumba ya kupangisha: leo unamtoa mpangaji, baada ya siku chache anahamia mwingine. Kwa hiyo mwanamke akishalijua shimo, hulirudia maisha yake yote na hamwambii mtu. Hakuna hati, hakuna mpaka, hakuna wa kukuzuia kulivua la mwenzako ukiliona. Ulinzi wake ni kunyamaza. Akizeeka, humwonyesha binti yake. Asiye na binti humwonyesha mke wa mwanawe. Mama mkwe alikuwa na mashimo zaidi ya arobaini, yote upande wa kusini, na kila moja alikuwa amelipa jina. Mji mzima ulimwita Bibi Mashimo. Ana mtoto mmoja, wa kiume, na mimi ndiye mke wa huyo mtoto, tena mmoja tu kwa kadiri ninavyojua.

Miaka kumi na mitano hakunionyesha hata moja. Nikimfuata mwambani hukaa juu ya jiwe, akaanza kujifunga nguo upya, taratibu, mpaka nimpite. Nimepita mbele ya mwanamke yule anayejifunga nguo mara nyingi kuliko nilivyokula naye. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliamua tu kwamba hanipendi, nikaishi na uamuzi huo, nikautunza vizuri. Na siku tulipofunga upande wa kusini, pamoja na hoja zangu zote za kilo na bei, kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi kwamba sasa na yeye hana mashimo. Siioni sababu ya kulificha hilo.

Katika zile siku tisini alianza vituko. Alitia chumvi kwenye chungu ambacho nilikuwa nimeshatia, akanitazama nikitema. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, mara tatu. Kibiriti aliniomba, nikampa, akaniomba tena, na nilipomwambia anacho mkononi alikitupa chini akasema namfanyia dharau. Kila kimoja nilikipokea kama ugomvi. Mimi ni mwepesi wa kuudhika; mume wangu husema naweza kugombana na ukuta mpaka ukuta uombe radhi. Yeye ni fundi wa mashine za boti, na akisikia sauti zetu zimepanda hukumbuka kwamba kuna mashine mahali fulani inamngoja.

Bamvua moja kabla ya siku ya kufungua, mlinzi wetu alikuja kunitafuta asubuhi. Tunamwita Darubini, kwa sababu kikao kilimnunulia darubini ya mtumba ambayo inaona kwa jicho moja.

"Katibu," alisema, "kuna mtu anaingia kusini. Nadhani huingia saa tatu, ninapokwenda kunywa chai."

"Umemwona?"

"Ningemwona ningekuwa sinywi chai. Nimeona mawe."

Tukaenda. Kweli, mawe: meusi, ya ukubwa wa ngumi, yale ya ujenzi ambayo hutandikwa chini kabla ya kumwaga zege. Bahari yetu haina mawe ya aina hiyo. Kila jiwe lilikuwa limebanwa kwenye ufa, kando ya shimo. Sikuhitaji kufikiri sana. Kuna mtu alikuwa anatia alama, ili siku ya kufungua, wakati sisi wengine tunatafuta kwa macho, yeye aende moja kwa moja, shimo hadi shimo, atuachie makombo. Damu ilinichemka. Niliyang'oa yote, moja moja, nikitupa ndani ya gunia ambalo Darubini alilikokota nyuma yangu. Sikuangalia lipi lilikuwa kwenye shimo lipi. Maji yalikuwa yanarudi, nami nilikuwa na hasira na haraka, na nilijiona mtu wa maana sana.

Nilirudi nyumbani na gunia kichwani, nikalimimina uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini akinoa nondo yake kwenye tofali, kwa mkono wake wa kushoto. Aliacha kunoa.

"Tumemkomesha," nilimwambia. "Mwizi alikuwa anatutilia alama mwambani. Arobaini na moja, nimeyatoa yote."

Aliyatazama yale mawe, moja moja.

"Arobaini na matatu," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri, nikamsogelea.

"Ni arobaini na matatu," alirudia, kwa sauti ya chini. "Mawili sijui niliyaweka wapi."

Nyuma ya nyumba yetu tuna lundo la mawe ya ujenzi, tulilonunua miaka minne iliyopita kwa ajili ya chumba ambacho hakijaanza. Kila nyumba ya hapa ina lundo la namna hiyo, na kila nyumba imeshalizoea hata hailioni. Niligeuza kichwa nikaliona la kwetu. Lilikuwa limeliwa upande mmoja.

Nikakaa chini pale pale, juu ya gunia.

"Zamani sikuwa nakumbuka kwa kichwa," mama mkwe alisema. Alikuwa anazungumza na nondo yake, si na mimi. "Nikishuka tu majini, miguu inakwenda yenyewe. Huu unajua Kwa Shangazi, huu unajua Kwa Mkaidi. Mimi naifuata tu. Tangu mwaka juzi ikawa inasitasita. Nikasema si kitu, nitakwenda kila bamvua, itakumbuka. Halafu ukafunga."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Katibu?"

Nilipangusa mchanga kwenye jiwe moja.

"Basi nikawa naingia yule mlevi wa chai akiondoka," aliendelea. "Nikilikumbuka shimo, naweka jiwe. Sikumgusa hata pweza mmoja, usinitazame hivyo. Nilisema siku wakifungua, nitamwita yule mwanamke, nitamwambia fuata mawe. Hata kama siku hiyo mimi mwenyewe nitakuwa nimeshachanganyikiwa, mawe yatakuwa na akili."

Yule mwanamke ni mimi. Ilinichukua muda kuelewa, kwa kuwa sikuwa nimezoea kutajwa katika mipango yake.

"Lakini mama," nikasema, "siku ya kufungua wangeingia wanawake sabini. Kila mmoja angeyaona hayo mawe."

Alinyanyua macho. Nilimwona akilifikiria jambo lile kwa mara ya kwanza. Mwanamke ambaye miaka arobaini hakuruhusu mtu amwone hata ameinama wapi, alikuwa ametia alama kila shimo alilonalo, mchana kweupe, kwa mawe meusi juu ya mwamba mweupe.

"Sikuliwaza hilo," alisema.

Hapo ndipo nilipoogopa. Chumvi, kibiriti, jina la marehemu, vyote vilinijia kwa pamoja, na safari hii havikuwa ugomvi.

Mume wangu aliporudi tulimweleza. Alinawa mikono ya grisi mara mbili, akakaa kati yetu.

"Yarudisheni basi," alisema. "Nyinyi wawili mkaelewane huko huko mwambani, mimi nitapata kulala."

Lakini bamvua ilikuwa inaisha. Kesho yake maji yasingekupwa vya kutosha, na bamvua itakayofuata ndiyo ya kufungua. Na hata kama maji yangekuwepo, nani angejua jiwe lipi liende wapi? Mama mkwe aliweza kulikumbuka shimo aliposimama juu yake, baada ya kuzungukazunguka sana. Akiwa uani hakuweza kuniambia hata moja liko wapi. Nilimwomba ajaribu. Alichora mwamba kwenye mchanga kwa kidole, akafuta, akachora tena, akafuta, akaniambia nimwache. Miezi miwili alikuwa ameikusanya akili yake jiwe kwa jiwe akaiweka mahali salama, nami nikaikusanya asubuhi moja nikaitia kwenye gunia.

"Basi kaa kimya," mume wangu akaniambia tulipobaki wawili. "Mawe hayana majina. Nani atajua?"

Niliona ana akili. Siku ya kufungua haikuwa siku ya mchezo. Mwaka mzima pweza hutupatia chumvi na sabuni. Siku ile moja, kama mahesabu yangu ya kikaoni yalikuwa sawa, ingetupatia bati za chumba cha mama mkwe, ambaye alikuwa analala mahali panapovuja. Nyumba yetu ikikaa nje, ndiyo basi. Nikaamua kunyamaza. Nilinyamaza siku tisa, na kwangu hiyo ni rekodi.

Siku ya kumi palikuwa na kikao. Banda la mizani lilijaa, wengine wamekaa juu ya meza ya saruji ya kupasulia samaki, wengine wamesimama nje kwenye kivuli cha bati. Mwenyekiti aliyamwaga yale mawe mezani. Nilikuwa nimeyapeleka mwenyewe, kwa kuwa Darubini alikuwa ameshausimulia mji mzima.

"Tunajua nani," Mwenyekiti alisema. "Tusizungukane. Nani alikamatwa kusini mwezi wa kwanza wa kufunga, na ndoo mkononi?"

Watu wote wakamgeukia Muuza Mkaa. Ni mjane, ana watoto wanne, na kweli alikamatwa wiki ya pili tu ya kufunga, akasamehewa kwa kuwa alilia. Sasa hakulia. Alikuwa amesimama karibu na mizani, mikono imemlegea, akitazama yale mawe.

"Mimi sina hata ujenzi," alisema. "Mawe ya ujenzi nitayatoa wapi?"

"Utajua mwenyewe," mtu akasema, na watu wakacheka.

"Katibu, andika," Mwenyekiti akaniambia. "Nyumba ya Muuza Mkaa, nje siku ya kwanza."

Nilishika kalamu. Kabla ya kutoka nyumbani asubuhi ile, mama mkwe alikuwa amenishika mkono mlangoni. Alikuwa amehisi kwamba mambo yatafika hapa. "Ikibidi useme," aliniambia, "waambie nimeiba. Usiwaambie nasahau. Kuiba watanisema wiki mbili, wataacha. Lakini wakijua nasahau, watanihurumia mpaka nife." Nilimwahidi, huku nikiomba isibidi.

"Mwenyekiti, siandiki," nikasema. "Mawe ni ya nyumbani kwangu."

Mwenyekiti aliokota jiwe moja mezani, akaligeuza.

"Ya kwako vipi?"

"Ya lundo langu, nyuma ya nyumba. Nenda ukaangalie. Yalipelekwa mwambani kutoka kwangu."

"Na nani?"

"Kutoka kwangu," nikasema tena. "Sheria inasema nyumba. Nimeiandika mimi mwenyewe, ukurasa wa pili. Haisemi mkono wa nani."

Walielewa walivyotaka kuelewa. Katibu aliyefunga mwamba ndiye aliyekuwa anautilia alama. Sikuwasahihisha. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba ndiyo maana nilikuwa na bidii, na mwingine akauliza kama muhuri nao nilikuwa naugonga juu ya pweza. Kicheko kilikuwa kikubwa, na nakiri maneno yenyewe hayakuwa mabaya. Ingekuwa ni mtu mwingine, ningecheka. Nilisukuma daftari na muhuri mbele ya Mwenyekiti kabla hajaniomba, nikatoka. Muuza Mkaa alinifuata mpaka nje. Hakusema asante. Alinitazama kwa macho makavu, akasema, "Wewe hukuweka mawe yale. Wewe ungeyapanga kwa mstari." Kisha akarudi ndani.

Siku ya kufungua tulikaa kizingitini, mimi na mama mkwe. Mji ulihama wote asubuhi. Tulisikia kelele kutoka mwambani, kwanza za wanawake kuitana, baadaye za kushangaa, na saa tano wakaanza kupita mbele yetu wakirudi. Niseme nilichokiona bila wivu, ingawa wivu nilikuwa nao. Pweza walikuwa wakubwa. Walining'inia kwenye nondo mabegani, mikono yao ikiburuza mchanga. Wanawake ambao kwa miaka walikuwa wanauza vikombe vya pweza wadogo walipita wawili wawili, wamebeba ndoo moja kwa pamoja. Malori mawili ya Mzee Barafu yalijaa, akatuma la tatu. Mahesabu yangu yalikuwa sawa kabisa, mpaka kwenye kilo, na hakuna hata mtu mmoja aliyepita pale akanigeukia kuniambia hivyo. Waliangalia mbele. Jioni duka la bati lilifungwa mapema kwa kuishiwa bati.

Nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na fahari, na sikujua niweke nini juu ya nini. Nadhani ndivyo walivyo wote waliowahi kuleta jambo jema mahali wanapoishi: huwa zuri kwa wengine kwanza. Au labda najipa moyo tu.

Mama mkwe alishinda pale kizingitini. Alinoa nondo. Jua lilipopungua alinigeukia.

"Kesho tunaruhusiwa?"

"Kesho ndiyo, mama. Lakini wameshapita kila mahali."

"Kesho njoo karibu," alisema, akaingia ndani.

Kesho yake tukashuka. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, mwamba umetoka, na wanawake walikuwa wachache na wametawanyika. Wengi walikuwa wamechoka na wana pesa. Mama mkwe alitangulia. Mimi nikabaki hatua kumi nyuma kwa mazoea, mpaka akageuka.

"Unaogopa nini huko nyuma? Nimesema karibu."

Nikaenda kando yake. Sikuwahi kumwona akitembea mwambani kwa karibu. Hakuangalia chini. Miguu yake ilipapasa, ikachagua, ikaenda, na ghafla akasimama akaingiza nondo kwenye ufa ambao mimi ningeupita mara mia. "Kwa Shangazi," alisema, na pweza akatoka, mkubwa, akimrukia mkono. Waliopita jana hawakuwa wamemwona. Shimo la pili lilikuwa tupu, la tatu lilikuwa Kwa Mkaidi, na nikaelewa jina lake, kwa sababu tulivuta wawili kwa dakika nzima. Aliniambia simama wapi, jua liwe bega lipi, lile jiwe kubwa lenye tundu liwe upande gani. Nilirudia kila neno kwa sauti. Mara moja alinicheka, akasema naimba somo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na furaha ambayo naona haya kuieleza, mwanamke wa miaka arobaini, majini, nikifundishwa na mama mkwe.

Tulifika shimo la saba. La nane halikuja.

Alikwenda hatua sita, akarudi. Akageukia pwani, akageukia bahari kubwa. Aliingiza nondo kwenye ufa mmoja, ukawa mfupi. Akaingiza mwingine, ukawa mchanga. "Lilikuwa hapa," alisema. Akaenda tena. Nilimfuata. Tulizunguka mahali pale pale mpaka maji yaliyotuzunguka yakawa na matope ya nyayo zetu wenyewe. Kisha akasimama, nondo imeshuka.

"Nimepotea," alisema.

"Hatujapotea, mama. Pwani ile pale."

"Pwani naiona," alisema. "Nimepotea hapa."

Nilimshika mkono. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimemshika kwa salamu tu, na huu haukuwa wa salamu. Hakuutoa. Tulisimama hivyo mpaka matope yakatulia.

Basi nikafanya kile afanyacho mtu asiye na mashimo ya kurithi: nikatafuta kwa macho. Hiyo kazi naijua, nimeifanya maisha yangu yote. Pweza akishakula hufagia uchafu wake mlangoni. Hatua nne kutoka tuliposimama niliona maganda ya kaa, mapya, na vijiwe vidogo vimevutwa kufunga upenyo chini ya ukingo wa mwamba. Nikamwachia mkono mama mkwe, nikainama, nikapapasa ukingo kabla ya kuingiza nondo.

Mwamba wetu unakwaruza. Ukiugusa vibaya unatoka damu. Lakini ukingo ule, upande mmoja, ulikuwa laini. Kulikuwa na mfereji uliochimbika ndani ya jiwe, wa upana wa nondo, wenye kina hata kidole gumba changu kililala ndani yake. Mfereji wa namna hiyo hauchimbwi kwa mwaka wala kwa miaka kumi. Umechimbwa na nondo ya mtu mmoja, akisimama mahali pamoja, akivuta kwa upande mmoja, bamvua kwa bamvua. Na ulikuwa upande wa kushoto. Mji mzima huu anayevua kwa mkono wa kushoto ni mmoja.

"Umeona nini?" aliuliza nyuma yangu.

"Shimo, mama."

Alikuja akasimama juu yangu. Alilitazama, na nikauona uso wake ukitafuta, ukikosa, ukianza kuogopa.

"Hili ni langu?" aliuliza.

Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu niseme ukweli mbele ya banda zima. Nikaweka kiganja changu juu ya ule mfereji.

"Hapana, mama," nikasema. "Hili jipya. Hujawahi kulijua."

Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea.

"Kumbe," alisema. "Basi hili sikulisahau."

Akatabasamu, akaniambia nisogee, maana shimo jipya lina namna yake ya kuanzwa na mimi nitalivuruga. Nikatoa mkono. Akakita mguu wa kushoto kwenye mwamba, akashusha nondo bila kuangalia, nayo ikalala ndani ya mfereji.